Donda la Ugoko Wangu

Wachimbaji wenzangu wa Nyarugusu, mnaonijua mnajua nilikuwa mtu wa kushuka duarani, chini ya shimo la dhahabu, mara mbili kwa siku bila kunung'unika. Kiburi kilikuwepo, sikatai.

Jiwe lilinichubua ugoko, kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi. Tulikuwa kwenye uzalishaji, na miiko yetu mnaijua: mawe yakianza kutoa dhahabu hakuna kuoga, hakuna kugusa sabuni, tusije tukaosha bahati. Basi sikukiosha. Nilikifunga kitambaa nikashuka tena.

Wiki ya pili kidonda kilikuwa kinachimba kuliko mimi. Kilinuka hadi wenzangu wakahamisha sahani zao. Homa ikanipanda. Ndani nikaona kitu cheupe, nikadhani usaha. Mke wangu alikitazama, akakaa chini.

"Baba Kulwa, huo ni mfupa."

Rafiki yangu Masanja, tuliyechimba naye shimo moja, alitupeleka hospitali ya misheni upande wa Shinyanga. Muuguzi alisema ni donda ndugu. Daktari alikuwa mzee mgeni kutoka Australia. Alinibonyeza vidole vya mguu kimoja kimoja, muuguzi akitafsiri: "Unasikia hapa?" Viwili sikusikia. Akasema watasafisha kwa siku tano, na nyama isipoanza kuwa nyekundu, mguu utakatwa chini ya goti. Niliogopa sana. Mchimbaji wa mguu mmoja anashukaje?

Siku ya kwanza nilipiga kelele, nikamsukuma muuguzi. Daktari akavuta kiti, muuguzi akaendelea kutafsiri.

"Baba yangu alikuwa askari. Vitani Wajapani walimteka, wakamfanyisha kazi ya reli msituni, kwa njaa. Alipata donda kama hili. Dawa hakuna. Daktari, mateka mwenzake, alilikwangua kwa kijiko kilichonolewa, watu wanne wamemshikilia."

"Akapona?"

"Wengi hawakupona. Yeye alikuwa na rafiki. Alimchemshia maji kila siku, akamwosha, akamgawia wali wake."

Masanja alisikia yote. Kesho yake alikuja na beseni na nguo zake. Nikamwuliza, na uzalishaji je?

"Dhahabu haina miguu. Itanisubiri."

Kila asubuhi alinishika mabega wakikwangua. Siku ya nne nyama ilikuwa bado ya kijivu. Sikula. Siku ya tano nilifumba macho, Mama Kulwa akatazama badala yangu.

"Nyekundu," akasema, akalia.

Namshukuru Mungu, na wauguzi, na Masanja aliyeacha shimo kwa ajili yangu. Mwenye kidonda akioshe leo kwa maji safi na sabuni, kisha aende hospitali. Miiko haimjui mgonjwa.

Siku ya kuruhusiwa nilimwuliza daktari kovu la baba yake lilikuwaje. "Alivaa suruali ndefu maisha yake yote. Mimi nililiona siku tulipomwosha kumzika."

Ndiyo maana napandisha suruali mbele yenu. Sogeeni mtazame. Na wewe unayeficha chako, pandisha.