Mkaguzi wa Behewa katika Mji Usio na Reli

Kigali haina reli. Mwaka 1991 haikuwa nayo pia, lakini ilikuwa na behewa moja, na behewa hilo lilikuwa na mtu wake: Niyongabo, Mrundi mrefu aliyemaliza ujana wake katika kituo cha Kigoma, akipokea mabehewa ya petroli.

Mwajiri wake, Nsabimana, aliuza mafuta. Vita vilipofunga njia ya Uganda, petroli ikaanza kuzungukia Tanzania: kwa treni hadi Isaka, kisha kwa malori. Huko Isaka Nsabimana aliona behewa kuukuu la tangi, akalipenda, akalinunua na kulipakia kwenye trela hadi uani kwake Niboye, likakaa juu ya vipande viwili vya reli. Lingekuwa ghala. "Siku reli ikifika Kigali," aliniambia, "itanikuta niko tayari."

Niyongabo hakuona kichekesho. Kila asubuhi alikaza breki ya mkono, akagongea kabari chini ya magurudumu, akaunganisha waya wa kupeleka umeme ardhini, ndipo akaruhusu bomba lifunguliwe. Behewa lile lisingeweza kwenda popote, isipokuwa labda kuzama matopeni wakati wa masika.

"Sheria haiulizi behewa linakwenda wapi," alisema. "Inataka lisikimbie."

Nilikuwepo siku Mukankusi, mama mkwe wa Nsabimana, alipoingia uani na wanawake wenzake, mikungu ya ndizi vichwani. Binti yake mdogo alikuwa anaolewa, na harusi bila pombe ya ndizi ni kikao tu. Ndizi za pombe huivishwa shimoni, ndani ya majani ya mgomba, kwa moto na moshi. Lakini kiangazi kile ua ulikuwa mgumu kama tofali. Mukankusi akatazama behewa, lililomaliza petroli yake juzi, na tundu lake la duara juu.

"Shimo iko hapa tayari," akasema. "Tena ya chuma. Leteni moto."

"Mama, hapana!" Niyongabo alipaza sauti. "Lilikuwa na petroli!"

"Ilikuwa. Sasa iko bure. Kitu imeisha, itawaka namna gani?"

"Petroli inaisha, mvuke wake unabaki. Ukikutana na kaa moja tu, harusi tutaifanyia mbinguni."

"Mrundi anaogopa hewa!" Wanawake wakacheka. Mmoja wao alikwisha kubeba kigae cha makaa mekundu.

Niyongabo akamkimbilia tajiri wake. Nsabimana aliamini kila neno, lakini mkwe hamkabili mama mkwe wake, hamtazami usoni, sembuse kumkataza. Alikuwa amechutama nyuma ya pipa.

"Mwambie aache," akanong'ona. "Usiseme ni mimi."

"Mkeo je? Aseme yeye."

"Yuko Kimironko, kwa fundi wa nguo."

Niyongabo akarudi mbio, akapanda ngazi ya behewa, akafunga kifuniko, akakaza bolti, akakikalia.

"Shuka, mwanangu. Ndizi hazingoji."

"Nitashuka moto ukienda mbali, Mama. Rudi nyuma. Bado. Hata hapo bado!"

Mukankusi, akinung'unika, alirudi nyuma na kundi lake lote, makaa yakitangulia, mpaka wakafika ng'ambo ya ua, mbele ya mlango wa ofisi. Hapo palikuwa na waridi za Nsabimana, zilizomwagiliwa kila siku. Mukankusi akachomeka kidole cha mguu. Udongo laini.

"Hapa?"

"Hapo hapo, Mama! Pazuri sana!"

Wakachukua majembe ya Nsabimana yaliyoegemea ukutani, wakaanza kuchimba. Nyuma ya pipa mtu akaguna kama amechomwa.

"Nani huyo?" Mukankusi aliuliza. Alikuwa ameviona viatu vya mkwewe, akageuza uso kwa heshima.

"Hakuna mtu, Mama."

"Basi mwambie huyo hakuna mtu, jembe yake iko butu."

Ndizi ziliiva vizuri. Mpaka zilipotolewa, Nsabimana aliingia ofisini kwa kupitia dirishani, na Niyongabo, aliyekuwa bado juu ya kifuniko chake, alimwelekeza atangulize mguu upi.