Gari Chafu Mbele ya Nyumba ya Mama Zaina

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata nati moja. Nilifika garaji ya nyumba moja ya usafirishaji, yaani kampuni, karibu na bandari ya Kalemie, nimevaa ovaroli mpya iliyopigwa pasi na mama yangu, na Shefu wa Garaji akaniangalia toka juu hadi chini kama mtu anayepima bei ya mbuzi. Alikuwa mzee mnene, mpole wa sauti, mwenye kucha nyeusi ambazo sabuni ilishazikatia tamaa. Uani palikuwa na gari lililoletwa kwa kuvutwa na kamba. Moteri yake ilikuwa imekufa. Wengine huiita injini, sisi kwetu ni moteri. Nilidhani nitapewa ufunguo wa kufungulia nati. Nilipewa kiti.

"Chukua hii kiti, uweke pale mbele ya kapo," aliniambia, akionyesha boneti ya gari.

"Ni ya nani, Papa Shefu?"

"Ya mwenye gari. Hatufungue moteri kama mwenyewe haiko. Akuje, akae, aone."

Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Alikaa pale amenuna, mikono kifuani, akiangalia kila mkono unaoingia chini ya kapo. Mafundi wakaondoa kulase, yaani kile kifuniko kizito cha chuma kinachofunga moteri kwa juu, na kila piesi, yaani kipuri, iliyoonekana imekufa iliwekwa kwenye beseni miguuni pake. Kazi ilipokwisha aliondoka na beseni yake, vyuma vikigongana ndani.

"Zile takataka atazifanyia nini?" nikauliza.

"Hiyo haikuangalie weye, ni mambo yake. Piesi ya zamani njo ya mwenye gari. Muntu akiona kitu chenye kimekufa, hawezi kusema tulimuibia."

Nilichukua muda kuelewa. Ninyi vijana mnaochomeka kifaa kwenye gari na kusoma ugonjwa wake kwenye kioo huenda mtaona ni mambo ya kizamani. Lakini fikirini hali ya mwenye gari hapa kwetu. Piesi inavuka ziwa kutoka Kigoma, au inakuja na treni siku treni ikikubali kuja. Moteri ikifa, inakula minerval, yaani karo ya shule ya watoto, inakula mabati ya nyumba, na mwenyewe hajui hata kilichomo ndani yake. Mtu wa namna hiyo anamshuku kila mmoja, akianza na fundi. Kiti na beseni vilimtuliza kuliko maneno yetu yote.

Baadaye nilitumwa Kongolo, kuangalia magari yaliyokuwa yakipeleka mizigo kituo cha treni. Huko mkubwa wangu alikuwa Shefu wa Bohari, mtu mwenye mapenzi makubwa na vyuma. Alitaka piesi zote za zamani zibaki kwake.

"Wenye magari nitawaambia nini?" nilimuuliza.

"Uwaambie wakuje kwangu."

Niliwaambia. Walikuja wote siku moja, wengine na wake zao, na mwanamke mmoja alikuja na mama mkwe. Shefu wa Bohari alijifungia ofisini hadi kelele ikapungua, kisha akafungua bohari na kumrudishia kila mtu chuma chake. Hakulitaja tena jambo lile, nami sikumkumbusha, ingawa nilitamani sana.

Kutoka Kongolo nilipelekwa Kirungu, juu kwenye milima ya Marungu, kutunza magari ya misheni. Yule aliyesimamia mali zote za misheni tulimwita Padri Prokureri. Alikuwa mwembamba, hasemi sana, na alivaa koti mwaka mzima kwa sababu ya baridi ya kule. Magari yalipanda kutoka Moba na kufika yakichemka, na mashofere walikuwa na haraka ya kukimbilia ndoo za maji. Padri Prokureri alikuwa akisimama kati ya ndoo na gari.

"Weka mukono kwanza juu ya kapo," alisema. "Uuache pale, useme Salamu Maria polepole mupaka mwisho. Kama umeondoa mukono kabla ya Amina, maji yabaki mu ndoo."

Shofere mmoja Mwislamu alimuuliza yeye asome nini. Padri hakucheka. "Soma Fatiha," alimjibu. "Ila usiikimbize."

Sababu yake ni nyepesi. Chuma chenye moto kimetanuka. Ukikimwagia maji baridi upande mmoja, upande ule unajikunja ghafla na mwingine bado umetanuka, na kati yao chuma kinapasuka. Ufa unaweza kuwa mwembamba kama unywele, lakini maji ya kupozea yanapita, moteri inaishiwa maji, inachemka na kukwama. Nilishuka kutoka Kirungu na desturi ya mkono juu ya kapo. Mke wangu alinicheka kwa sababu hata sufuria nilianza kuzifanyia hivyo.

Niliporudi Kalemie nilifanywa Shefu wa Garaji katika ile nyumba ya usafirishaji, kwenye nafasi ya mzee wangu wa kwanza, ambaye alikuwa amepumzika kwa Mungu. Kama zamani, tulipokea magari ya watu wa nje pia. Ndipo nilipomjua Mama Zaina.

Alikuwa mjane wa mtaa wa Kataki, wa ukoo wa Kiislamu uliofanya biashara ya ziwani tangu zamani. Baba yake alimwachia nyumba, na mume wake alimwachia gari la mizigo. Alinunua mahindi na karanga upande wa Nyunzu na kuziuza mjini. Shofere wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Rashidi, kijana mtu mzima, mtanashati, ambaye hata kitambaa chake cha kufutia kioo alikikunja vizuri kabla ya kukiweka mfukoni.

Gari lile liliingia kwangu likivutwa. Mama Zaina alikuja nyuma yake kwa miguu, kilemba kimefungwa sawasawa, akaketi kwenye kiti bila kuambiwa.

"Papa Shefu, hii njo mara ya tatu moteri inakufa," alisema. "Ya kwanza nilitengenezesha kwa fundi mwengine. Ya pili walitengeneza hapa, weye ulikuwa Kirungu. Nimechoka. Sitaki tena kushona-shona. Nataka moteri nzima, mupya."

"Moteri nzima ni bei kali, Mama."

"Najua. Nauza nyumba ya baba. Mwenye kuinunua alishakuja kuiangalia. Anangoja neno langu tu."

Rashidi alikuwa amesimama kando, kichwa chini. Alisema watu wa mtaani wanadai gari limerogwa na mwenye wivu. Dada yake akamwambia anyamaze. Mimi nilikuwa na mawazo ya kawaida zaidi: dizeli chafu, sisi tunaiita mazutu, au piesi dhaifu, maana siku hizi piesi nyingine zinakuja zimepakwa rangi nzuri na ndani hamna kitu. Tukafungua. Kulase ilikuwa na ufa, nikaiweka kwenye beseni mbele yake. Ufa ulikuwa kwa nje, upande wa bomba la moshi, mahali penye moto kuliko pote. Hilo lilinisumbua. Moteri iliyoishiwa maji yenyewe hupasuka zaidi kwa ndani.

"Mama, zile kulase mbili za zamani, ziko wapi?"

"Si nilipewa zote mbili? Ziko nyumbani. Moja inakamata mulango ya jikoni wakati ya upepo. Ingine inagandamiza pipa ya maji."

"Naomba uzilete."

Aliniangalia kama mtu anayejiuliza kama nimelewa, lakini alimtuma Rashidi. Rashidi alirudi nazo kwenye mkokoteni wa kukodi. Nilizifuta masizi na unga, maana ile ya jikoni ilikuwa na unga kila tundu, nikazipanga zote chini kwa mstari. Mama Zaina aliinuka kwenye kiti, akainama. Hakuhitaji maelezo yangu. Aligusa ufa wa kwanza kwa kidole, akagusa wa pili, akagusa wa tatu.

"Zote zimepasuka pamoja," alisema. Alitaka kusema mahali pamoja.

"Ndiyo, Mama. Piesi hazina kosa. Kuna kitu kinazigonga kwa nje, upande huu huu."

Nikamgeukia Rashidi. Nilimwomba anieleze safari yake ya kurudi, kutoka Nyunzu hadi nyumbani, bila kuruka kitu. Alieleza vizuri: matope, mashimo, mahali pa kununua ndizi. Kisha akasema, kama anataja jambo dogo, "Nikishafika muji, nashuka kwanza ziwani."

"Kufanya nini?"

"Kuogesha gari, Papa Shefu. Naiingiza mu maji, nafungua kapo, namwagia moteri ndoo mbili tatu. Inatoa moshi mweupe, inapoa. Gari chafu siwezi kuileta mbele ya nyumba ya Yaya."

Yaya kwetu ni dada mkubwa. Msimcheke. Mashofere wote wa Kalemie walifanya hivyo, na wengi wanafanya hadi leo. Kwetu shofere anayesimamisha gari lenye matope mbele ya mlango wa mwenye gari amemdharau mbele ya majirani. Wengine huosha magurudumu tu na pande zake. Rashidi alimheshimu dada yake kuliko wengine walivyowaheshimu mabosi wao, basi yeye aliosha hadi moteri, na ikiwa bado inawaka moto wa safari. Upande wa bomba la moshi ndio uliokuwa karibu na mkono wake.

Nilimweleza kwa maneno machache, kama Padri Prokureri alivyonieleza mimi. Uso wake ulibadilika nikiwa katikati ya maneno.

"Kumbe njo mimi," alisema. "Mimi njo naua gari ya Yaya."

Akaketi chini penye mafuta, na suruali yake safi, akalia. Niliona aibu kumwangalia. Nimefungua moteri nyingi na kuwaona wenye magari wakitukana, wakiapa, wakikimbia bila kulipa, lakini mtu mzima kulia kwa sababu ya adabu yake mwenyewe nilikuwa sijaona. Nilimhurumia sana siku ile.

Nilidhani Mama Zaina atamfokea, na haki alikuwa nayo. Akaniuliza mimi kwanza:

"Moteri nzima inahitajika?"

"Hapana. Kulase moja nzuri, hata ya mtumba, na shofere atakayeiacha moteri ipoe. Ungeweka moteri mpya, nayo ingekufa vilevile, na nyumba ungekuwa huna."

Alivuta pumzi, akatengeneza kilemba ambacho hakikuwa na kasoro. Kisha akamwambia mdogo wake, "Rashidi, simama. Tangu leo uilete chafu."

"Yaya, majirani watasema nini? Watasema nimekosa heshima."

"Watasema. Uilete chafu, uisimamishe pale pale kwa mulango, ipoe. Mimi nitakuwa ndani ya nyumba ya baba, nitawasikia."

Mnunuzi alipelekewa jibu siku ileile. Kulase ilipatikana kwa mtu aliyekuwa na gari bovu upande wa Kituku, tukaifunga, Mama Zaina akarudi nyumbani na beseni yake. Na majirani walisema kweli. Walisema biashara imemshinda, walisema Rashidi amekuwa mlevi, mmoja alijitolea kumtafutia shofere mwenye adabu. Gari lilisimama pale na matope hadi kwenye vioo, na Mama Zaina alitoka, akalizunguka, akarudi ndani. Kuosha kulifanyika kesho yake. Moteri ile inatembea mpaka sasa ninapoandika.

Nilipumzika kazi miaka michache iliyopita. Nikiulizwa nimejifunza nini, sina jambo kubwa la kusema. Moteri zimebadilika, zina nyaya nyingi kuliko redio, na kuna gari ambazo siku hizi nisingezigusa. Mwenye gari hajabadilika. Bado anakuja na hofu, bado anataka kuona. Kwa hiyo wekeni kiti. Mrudishieni chuma chake, hata akikiona takataka, na siku moja mwulizeni alikipeleka wapi. Na kabla ya kumlaumu shofere, mwulizeni anafanya nini akifika.

Siku ya kuniaga, Mkurugenzi wetu alisoma hotuba ndefu, akakosea jina langu mara moja na kulirekebisha. Wageni walikuja na magari yao, yote yameoshwa, yanang'aa uani. Hotuba ilipokwisha, mlinzi alikuja mbio kuniambia kuna gari chafu getini, linataka kuingia, na yeye amelikataza.

Ilikuwa Rashidi. Dada yake alimtuma anipeleke nyumbani, naye alikuwa ametoka Nyunzu moja kwa moja ili asichelewe. Matope yalikuwa yamefika hadi kwenye paa. Nilimwambia mlinzi afungue. Gari likaingia, likasimama katikati ya magari yale safi.

Nililiendea na ovaroli yangu ya mwisho mkononi, nikaweka kiganja juu ya kapo. Sikufika hata katikati ya Salamu Maria.

"Bado ni moto, Papa," Rashidi aliniambia.

Mlinzi alikuwa ameshaleta ndoo ya maji. Rashidi aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akaiweka chini. Kisha akaenda ndani ya garaji, akatoa kile kiti, akakiweka mbele ya kapo kwa ajili yangu, naye akachuchumaa pembeni. Tukangoja ipoe.