Wito wa Tatu

Nilipopangiwa utendaji wa kijiji huku Kiwangwa, nilikuja na muhuri mpya na hasira zangu za zamani. Mtu akichelewa dakika kumi, namfokea mbele ya foleni nzima. Nilidhani huo ndio uongozi.

Mwaka huo wa kwanza bwana mmoja alileta shauri: shamba la mananasi la marehemu kaka yake ni lake, mjane hana chake pale. Nikamwandikia mjane wito aje mbele ya baraza la ardhi. Hakuja. Nikaandika wa pili. Akamtuma jirani: yuko eda, imebaki miezi miwili, tafadhali tumsubiri. Mimi ni binti wa Kiislamu wa Bagamoyo mjini. Mama yangu alipokaa eda, mimi ndiye niliyepika na kupokea wageni mlangoni. Hata hivyo nikaandika wito wa tatu, na chini nikaongeza kwamba asipofika tutasikiliza upande mmoja.

"Ofisi haina eda," nikamwambia jirani. Nayaandika maneno hayo leo kwa aibu.

Siku ya shauri, shemeji mtu aliwahi, kanzu imenyooshwa pasi. Kiti cha mjane kitupu. Nikafungua daftari niandike kwamba hakufika. Mwenyekiti wetu wa kijiji, mama muuza chapati asiye na makuu, akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Mwanangu, hebu subiri. Huyu hajakataa kuja, hawezi kuja. Sisi miguu si tunayo?"

"Tunayo, mama," nikajibu huku nimenuna.

"Basi shika upande huo wa benchi."

Tukatoka na benchi la ofisi, wajumbe na mlalamikaji nyuma, watu njia nzima wakitushangaa. Tukaketi barazani kwa mjane. Yeye alibaki ndani, nyuma ya pazia la mlango, tukasikia sauti tu. Ilikuwa sauti ya chini, isiyo na haraka. Alitaja mpaka wa shamba hatua kwa hatua: mkorosho alioupanda mwaka aliofika pale bibi harusi, mtaro waliouchimba na mumewe, mistari ya mananasi aliyoipanda akiwa mjamzito. Majirani wa mpakani wakasema ndivyo. Shemeji alipoulizwa yeye alipanda nini, akasema aliyepanda ni kaka yake. Shamba likabaki kwa mjane.

Tulipokuwa tunaaga, mkono ukatokea pembeni ya pazia na sahani ya nanasi. "Mpeni mtendaji, katembea juani."

Nilikula huku machozi yananilenga. Nusura nimnyang'anye shamba mtu ambaye hata sura yake sikuijua.

Namshukuru sana mwenyekiti yule. Angeweza kunisema mbele za watu, na nilistahili, lakini alinibebesha benchi tu. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu hapo, na bado yeye ndiye ninayemwombea dua.

Eda ilipokwisha, mama mmoja mwenye baibui alifika mbele ya meza yangu. Sikumjua.

"Shida?" nikamuuliza bila kuinua kichwa vizuri.

Akaweka mezani karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua: ulikuwa wito wangu wa tatu.

"Mliniita," akasema, na sauti ile nikaijua. "Nimetoka eda jana. Nimekuja."

Nikainuka kitini, na kwa mara ya kwanza nikamwamkia shikamoo.