Kichwa Kilichomfukuza Mama

Wifi yangu yuko hai na ana afya njema. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani naandika habari za marehemu, akanitaka niwe na staha. Anaishi jirani na mimi hapa hapa Dodoma mjini, anakula vizuri, analala vizuri, na tukikutana njiani ananiita wifi kwa sauti tamu. Namwitikia, halafu naenda zangu taya likiwa limekaza.

Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na magauni ya sherehe katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na kwa miaka mingi nilikuwa nakata uzi kwa meno, kwa sababu mkasi hupotea chini ya vitambaa na meno hayapotei. Kutwa nzima nimeinama. Shingo iliponianza, hakuna aliyeshangaa, hata mimi mwenyewe. Kilichosumbua watu ni kichwa.

Kilikuwa kinaanzia kwenye panja la kushoto, kinapita nyuma ya jicho, kisha kinashuka kisogoni na kuikamata shingo. Sikio nalo lilikuwa linauma kwa ndani, lakini wakiliangalia hawaoni kitu. Nikitafuna, kuna kitu kilikuwa kinalia mbele ya sikio, ko, ko, na wanangu walikuwa wanakisikia mezani wakacheka. Nikaenda zahanati, wakapima malaria, hakuna. Wakapima taifodi, wakasema ipo kidogo, nikanywa dawa nikazimaliza. Wakapima presha. Nikanunua miwani. Kichwa kikabaki pale pale, sasa kimevaa miwani.

Mama yangu anaishi peke yake kijijini, upande wa Chamwino. Siku hizo alikuwa anakuja kututembelea mara kwa mara, na hakuwahi kuja mikono mitupu. Alikuwa anakuja na kapu la vitu nilivyovipenda tangu utoto: mahindi makavu aliyoyakaanga chunguni kwa chumvi, magumu kweli kweli, na nyama ya ng'ombe aliyoianika mpaka ukiiweka mezani inagonga. Tulikuwa tunakaa sebuleni, mimi na yeye, tunatafuna na kukisengenya kijiji kizima. Sikuwa na raha nyingine kubwa kama hiyo. Kesho yake naamka siwezi kugeuza shingo.

Wifi ndiye aliyeliona. Sitamnyima haki yake, ana macho. Siku moja alikuwa jikoni kwangu, ameketi kwenye kigoda anachambua mchicha, akasema taratibu bila kuniangalia, "Wifi, umeshafuatilia? Mama akija, kesho yake wewe huamki."

Nikamwambia ni uchovu wa kazi.

"Kazi unafanya kila siku. Mbona kichwa kinamngoja yeye?" Akaendelea kuchambua mchicha. "Mimi sijasema kitu. Nimesema tu ufuatilie."

Hajasema kitu, lakini jioni alikuwa amemwambia mume wangu. Jumapili akawaambia akina mama wa maombi. Huku kwetu, neno la namna hiyo likishasogezwa karibu na mwanamke mzee, halirudi lilikotoka. Mama yangu ni mjane, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yake yote. Watu kama yeye wamefukuzwa kwenye nyumba walizozijenga wenyewe, na wengine wamefanyiwa mabaya ambayo sitaki kuyaandika. Kwa hiyo msomaji aelewe tangu hapa kwamba kilichokuwa hatarini si kichwa changu. Vidonge vya maumivu vipo. Jina la mama halina kidonge.

Akina mama wa maombi walikuja. Waliniketisha kwenye kiti, wakaniwekea mikono kichwani na shingoni, na mmoja, mwenye mikono ya kutwanga, akanishika mashavu kwa pande zote mbili na kuyakandamiza huku akiamuru pepo atoke. Maumivu yalinipanda mpaka utosini nikapiga yowe. Wakaangaliana. Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa kama daktari aliyepata majibu yake.

Mume wangu si mtu mbaya. Ni mtu wa kunyamaza, na mtu wa kunyamaza hufanya kile alichoambiwa na aliyesema mwisho. Aliyesema mwisho alikuwa dada yake. Nikiwa nimelala chumbani na kitambaa usoni, nikamsikia sebuleni anaongea na simu: "Shikamoo mama. Mama, nilikuwa naomba upumzike kwanza kuja huku, mpaka hali ya mwenzangu itulie." Nilipofika sebuleni simu ilikuwa imekatwa. Tuligombana siku hiyo kwa namna ambayo majirani walizima redio zao ili wasikie vizuri.

Nikampigia mama. Akasema hakuna shida mwanangu, jua lenyewe kali siku hizi, na kuku hawana wa kuwaangalia. Sababu kamili alikuja kuambiwa na mwanamke wa pale kijijini ambaye mwanawe amepanga mtaa wetu. Safari hii mama ndiye aliyenipigia.

"Na wewe unasema hivyo?"

"Hapana mama. Mimi sijasema."

"Basi."

Hakuja tena. Kipaimara cha watoto wa kaka yangu hakuja, msiba wa jirani yetu aliyempenda hakuja. Nilikwenda mimi kijijini, nikamkuta anapiga soga za mvua na bei ya karanga, kila kitu isipokuwa hicho.

Na sasa lisikieni lililonikera kuliko yote: nilipata nafuu. Kapu halikuja, kichwa kikapungua, shingo ikalegea. Wifi hakusema neno. Alikuwa anapita dirishani kwangu, ananitazama nashona huku nimenyoosha mgongo, anatabasamu. Ningependa angesema. Mtu akisema unaweza kumjibu.

Nafuu hiyo haikufika mbali. Shule zilipokaribia kufunguliwa, sare zikanielemea, nikawa nakata uzi kwa meno kutwa, na katikati ya uzi na uzi namfikiria wifi. Nilikuwa najibishana naye moyoni, nammaliza kabisa, na meno yamebanana muda wote. Kichwa kikarudi na shingo yake. Mama alikuwa mbali kijijini, hajanigusa, hajanipa hata punje. Asubuhi moja nikapiga mwayo mbele ya wateja, na taya likagoma kufunga. Nilikaa pale mdomo wazi, mate yananitoka, mteja mmoja anakemea kwa jina la Yesu, mpaka likarudi lenyewe kwa mlio ulionifanya nitokwe na machozi. Nikaacha cherehani ilivyo, nikaenda hospitali, safari hii kwa daktari wa meno.

Huyo daktari alikuwa mwanamke mtu mzima, si wa maneno mengi. Aliniwekea vidole mbele ya masikio yote mawili akaniambia nifungue, nifunge, nipeleke taya kushoto, nipeleke kulia. Kisha akabonyeza shavu, pale kwenye msuli unaotuna ukiuma meno. Maumivu yakaruka yenyewe mpaka kwenye panja. Akabonyeza panja, yakaenda nyuma ya jicho. Akabonyeza chini ya kisogo.

"Ndiyo kichwa chako hicho?"

Nikasema ndiyo, ndicho chenyewe.

Akanieleza kwa utulivu. Si kila kichwa kinatokana na taya, alisema, ndiyo maana kupimwa kwanza malaria na presha halikuwa kosa. Lakini taya linaning'inia kwenye kiungo kilichopo hapo mbele ya sikio, na misuli inayolifunga inapanda mpaka kwenye panja. Misuli hiyo ikichoka, mtu husikia maumivu kichwani, na shingo hukaza kuisaidia, hasa kwa mtu anayeinama kutwa. Akauliza kama nasaga meno nikilala. Akauliza kama nayabana nikiwa na hasira. Akauliza natafuna nini.

Nikaanza kumtajia, uzi, na mahindi ya kukaanga, na nyama kavu, na nilipofika kwenye nyama kavu sauti ikanikatika. Alidhani ni maumivu akanipa maji. Nililia pale kwenye kiti cha kung'olea meno, nalia kwa hasira. Watu walikuwa wamemtafuta mchawi, na kumbe kulikuwa na mtoto na mama yake wanatafuna mahindi.

Akanipa masharti: kitambaa cha maji ya moto mashavuni, chakula laini, mkasi niufunge kamba niuvae shingoni, meno yasigusane nikiwa nimefunga mdomo, na kifaa cha plastiki cha kuvaa nikilala. Akasema pia nipunguze hasira. Hayo mengine nimeyafuata.

Nilifika nyumbani nikamwita wifi, nikamketisha na mdogo wake, mume wangu. Nikamshika mkono wifi, nikaviweka vidole vyake mbele ya sikio langu, nikafungua mdomo. Likalia. Nikafunga, likalia. "Umesikia? Huyo ndiye mchawi wako." Nikawaeleza yote kama daktari alivyonieleza.

Wifi akavuta mkono wake akaufuta kwenye khanga. "Sasa si ni chakula cha mama yako hicho hicho? Mimi nilikosea wapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe au asinisamehe, siku hiyo niliamua kwamba mwanamke huyu atanilipa.

Nilianza na vidogo. Gauni lake la Pasaka nililibana kwapani kiasi ambacho ibadani hakuweza kuinua mikono kusifu. Aliporudi kulalamika nikampima upya nikamwambia amenenepa. Vitu kama hivyo vilinipa raha ya nusu saa, havikumrudisha mama. Nilitaka kitu ambacho watu wale wale waliosikia uongo wangekiona kwa macho.

Kipaimara cha binti yangu mkubwa kilipokaribia, nikaenda kumchukua mama. Alikataa. "Wakisema?" Nikamwambia waseme mbele yangu. Nikamweleza habari za taya, nikauchukua mkono wake nao nikauweka pale. Alisikiliza mlio kwa muda, mkono wake ukiwa shavuni kwangu.

"Kwa hiyo ni mahindi yangu kweli," akasema.

Nikamwambia ni uzi, ni cherehani, ni hasira, ni mambo mengi. Alikubali kwa kichwa. Akakubali kuja, na mimi nikaona nimeshinda.

Siku hiyo turubai lilijaa. Akina mama wa maombi walikuwepo wote, na sare nimewashonea mimi. Mama alifika na kitenge kipya, akasimama pale mlangoni akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ninavyoijua. Nikamkalisha mbele, pembeni ya mchungaji. Wakati wa chakula ulipofika, wasichana wa kunawisha watu walikuwepo, lakini nilikuwa nimewatuma jikoni makusudi. Nikalichukua jagi na beseni, nikavuka uwanja mzima mpaka alipokaa wifi, nikamkabidhi. Nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Wifi, mnawishe mama."

Angekataaje mbele ya mchungaji? Alikwenda. Akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la kubana, akasema shikamoo mama, akamimina maji. Mama akasema marahaba mwanangu, akanawa. Kina mama wa maombi walikuwa wanatazama, na yule mwenye mikono ya kutwanga aliangalia pembeni. Nilisimama nyuma ya kiti cha mama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu shingo yangu haikuuma hata kidogo. Nilitamani maji yale yasiishe. Sijui kama niliwahi kufurahi hivyo siku ya harusi yangu.

Kisha mama akainama chini ya kiti chake, akatoa kibakuli chenye mfuniko. Alikuwa amenipikia chakula laini, kama nilivyomweleza kwamba daktari ametaka: ugali wa uwele na mlenda. Akakifunua, akaniita nikae karibu yake. Nikakaa. Nikanyoosha mkono.

Akanizuia kwa mkono wake. Akakata tonge, akalichovya kwenye mlenda, akala yeye kwanza. Hakula haraka. Alimeza huku ameinua uso ili watu waone koo lake, akamtazama mchungaji, akawatazama kina mama wa maombi, akamtazama wifi aliyekuwa bado amepiga magoti na jagi mkononi. Akasubiri kidogo, kama mtu aliyezoea kusubiri hivyo. Hakuna aliyemwomba afanye vile. Ndipo akakisogeza kibakuli mbele yangu.

"Nimeanza mimi," akasema. "Sasa kula, mwanangu."

Nilikula. Mlenda hauna cha kutafuna, lakini taya liliniuma mpaka shingoni.