Jiwe la Mama Lenye Ukungu

Harufu ya udongo mbichi unaokaushwa na makaa ya mikaratusi hunirudisha moja kwa moja nyuma ya nyumba yetu ya Giheke, na sipendi kurudishwa huko. Hapo ndipo baba alipokuwa akichoma yakuti, mawe ya buluu ambayo wachimbaji walimletea yakiwa yamefifia, yamejaa utando mweupe ndani. Kazi hiyo alijifunza Bukavu, alikokulia kabla ya familia kurudi Rwanda. Aliyapanga mawe katika chungu kidogo, akaziba mfuniko kwa udongo, akakifukia ndani ya makaa na kuvuta mvukuto tangu asubuhi hadi alasiri. Moto mkali huyeyusha ule utando, na buluu iliyojificha hujitokeza. Kisha chungu kiliachwa kipoe chenyewe mpaka kesho yake, na sisi watoto tulipita karibu nacho kwa adabu, utadhani kuna mgonjwa amelala.

Lakini si kila jiwe lilikubaliwa. Baba alilipaka kila moja tone la mafuta ya mawese, akaliinua juani na kulitazama kwa jicho moja. Alikuwa akitafuta nyufa na vitone vya maji vilivyonaswa ndani tangu jiwe lilipoumbwa. Akikiona kitone, alilitenga. “Hii iko na mayi ndani,” alikuwa akisema. “Moto itaipasula.” Nilimsikia mara nyingi, na nilijiona fundi kamili.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, mama alifariki. Aliacha kanga mbili, sufuria zake, na yakuti moja aliyoiokota mtoni akiosha mihogo. Ilikuwa na ukungu mzito, buluu yake ikionekana kwa shida. Baba aliiweka katika kisanduku cha kiberiti, na kila jioni kabla ya chakula aliitoa, akaigeuzageuza kiganjani, macho yakamjaa machozi. Mimi, kwa ujuaji wangu wote, niliamini kinachomliza ni ule ukungu. Niliwaza kwamba jiwe likitakata atalitazama na kutabasamu, labda hata atanitania tena kama zamani. Nilitaka baba yangu arudi. Sikutaka kingine chochote duniani.

Basi asubuhi moja, alipokwenda kuchota udongo wa kuzibia, nililichomeka jiwe la mama katikati ya mawe ya watu. Sikulipaka mafuta wala kulitazama juani. Nilirudisha kisanduku mahali pake, na jioni ile nilimwita nje kwa visingizio vya kijinga mpaka akasahau kukifungua. Nililala nikiwa na furaha, jambo ambalo hadi leo sijaweza kujisamehe.

Kesho yake alibandua udongo, akamimina mawe juu ya gunia. Mengi yalikuwa yametoka mazuri, buluu safi. Katikati yake palikuwa na vipande vyembamba, vidogo kuliko punje za mchele. Baba alivikusanya kwa ncha ya kidole, akavitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda ndani na kurudi na kisanduku kitupu.

“Njo weye uliiweka?” aliniuliza.

“Ni miye, Papa. Nilitaka ikuwe muzuri.”

Hakunipiga. Heri angenipiga. Aliketi chini na kusema polepole, “Sikuichomaka, sababu maman yako aliipenda vile iko.” Halafu akalia mbele yangu, kwa sauti, na mimi sikujua niweke wapi mikono yangu.

Siku hizi nasikia mawe huchomwa katika tanuri za umeme, na joto hupimwa kwa mtambo. Makaa na mvukuto vimebaki kwa wachache. Baba amezeeka, anaishi kwangu, na kumbukumbu zimemtoka karibu zote. Amesahau chungu, amesahau gunia, amesahau nilichofanya. Jiwe hajalisahau. Karibu kila jioni hupapasa mfuko wa shati na kuniuliza liko wapi. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, naye akalia upya kama siku ile. Sikuthubutu tena. Sasa namwambia nimelihifadhi, nitamletea kesho.

Hunishika mkono. “Aksanti, mutoto yangu,” husema. “Najua kwako haiwezi kuharibika.”