Handaki la Zahanati Lililosomeka Sifuri

Kuna watu wanaokasirishwa na siasa, na wengine na mpira. Mimi, mtu mzima mwenye shahada na kitambi, bado nakasirishwa na swichi. Si ile ya taa ukutani. Nasema kisanduku chenye matundu ya nyaya, kinachopokea mawasiliano ya huku na kuyapeleka kule. Nilikuwa nikikitunza Mbinga mjini miaka ile soko lilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akaruhusiwa kununua kahawa na kuuza mawasiliano.

Kampuni yetu iliunganisha vituo kwa minara ya redio. Kila kituo kilikuwa na njia yake ndani ya njia kuu, iliyozibwa ili wengine wasichungulie. Tuliiita handaki. Moja lilikwenda Matiri, kwa wanunuzi wa kahawa. Jingine liliteremka hadi zahanati ya kijiji kimoja ziwani, si mbali na Liuli. Swichi ilihesabu kila kifurushi cha data kilichopita katika kila handaki, na alfajiri makao makuu Dar es Salaam waliisoma hesabu hiyo, wakaamua nani anatumia na nani anajaza nafasi tu.

Ila swichi ile ilikuwa na tabia yake. Hesabu iliishi maadamu handaki liko wazi. Kituo kikizimwa, handaki linafutika na hesabu inafutika nalo. Kikiwashwa, inaanza upya kama vile hakuna kilichowahi kupita. Mmatengo wa milima ya Mbinga huchimba ngoro, yale mashimo ya shambani, kwenye mteremko ili mvua isiondoke na udongo wake. Waliotengeneza swichi ile hawakuwa Wamatengo.

Zahanati iliongozwa na muuguzi, mama wa Kinyasa aliyekaribia kustaafu. Kwake handaki lilikuwa na kazi moja: kumwuliza daktari wa Mbinga kama mgonjwa apakiwe kwenye lori apande milima, au atibiwe palepale. Wakati wa masika barabara ile inaweza kummaliza mtu ambaye ugonjwa wenyewe ungemwacha hai. Basi mchana kutwa alituma picha za vidonda, majibu ya vipimo na maswali. Jioni alizima kila kitu, akafunika vyombo kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, chenye maua mekundu pembeni, kama ambavyo kwao hufunikwa redio na kila kitu cha thamani. Alfajiri, Dar es Salaam waliposoma, yeye alikuwa bado hajakifunua. Sifuri.

Mvua zikiwa karibu, makao makuu waliniagiza nilifunge handaki la ziwani na vifaa vyake nivipeleke Matiri. Nikateremka kwanza kumwona yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko kwenye kompyuta hawali?"

Nikamwomba aache mitambo ikiwaka usiku.

"Betri ya sola ni moja," alisema. "Usiku ni ya taa ya wanaojifungua. Nizalishe gizani ili kisanduku chako kione?"

"Kikizimwa, mama, kinasahau kama ulikitumia."

"Nimekitumia tangu asubuhi."

"Najua."

"Wewe unajua na chenyewe hakijui. Sasa chuo kikuu ulisomea nini, kama umeshindwa kukifundisha kukumbuka?"

Nilikuwa nimekifundisha, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Nilikuwa nimeandika programu ndogo inayochota hesabu kwenye swichi kila baada ya dakika chache na kuijumlisha katika kompyuta yangu, handaki life lisife. Kwa hesabu hiyo zahanati iliwapita wateja wetu wote. Niliituma Dar es Salaam, nikangoja kupongezwa. Wasomi tuna ugonjwa huo. Mkuu wangu akapiga simu.

"Hiyo ni ripoti yako, kaka. Mimi nasoma ya swichi."

"Yangu imetoka kwenye swichi hiyohiyo."

"Mbona hazifanani?"

Nikamweleza, polepole, kisha kwa sauti ambayo haimfai mtu anayelipwa mshahara.

"Tazama Matiri," alisema. "Wale ndio wateja. Hesabu inapanda hata Jumapili."

Jumapili Matiri nzima iko kanisani. Tena msimu wa kahawa ulikuwa umekwisha, wanunuzi wamefunga ofisi kwa kufuli na kuacha mitambo inawaka, maana wao walikuwa na paneli kubwa za sola juu ya bati. Handaki lisilo na kazi halinyamazi: upande mmoja huuliza "Upo?" na wa pili hujibu "Nipo", na swichi huhesabu yote mawili. Nikamwambia hayo pia. Akaniuliza kama nina mchumba huko ziwani.

Nilitumwa mimi mwenyewe kuving'oa vifaa. Yule mama alikikunja kitambaa chake taratibu, akanionyesha.

"Na hiki ni cha kampuni?"

Nikapakia.

Masika yale muuguzi alimpandisha milimani kila mgonjwa aliyemtilia shaka, aliyestahili kwenda na aliyestahili kubaki, kwa kuwa hakuwa na wa kumwuliza. Wako waliofika Mbinga, na wako waliorudishwa ziwani na lori lilelile, wamefunikwa. Na Matiri, katika ofisi iliyofungwa kwa kufuli, vifaa vya zahanati viliuliza "Upo?", vikajibiwa "Nipo", na kila alfajiri Dar es Salaam walisoma hesabu nzuri.