Sombe Chini ya Kifuniko

Juzi, kule mtaani Malvern, niliona karavani ikivutwa na gari, nikasikia tena harufu ya sombe, yale majani ya muhogo ya Mama.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tumepanga moja kama hiyo kwenye kambi ya mapumziko, karibu na milima. Mama alikuwa akipika nje mwanamume mmoja alipotujia na shoka begani.

"Musiseme Kiswahili," Baba alinong'ona.

Mama akafunika sufuria haraka. Nilimwonea aibu: tangu lini anamficha mgeni chakula? Sikujua kwamba mjini watu waliotoka nchi nyingine kama sisi walikuwa wakipigwa, na kwamba hata harufu ingetutaja.

Kumbe yule mtu alituletea kuni. "Eish, kinanukia vizuri!"

Mama akampakulia. Tulikula sote. Baba, aliyetukataza kula kwa mkono wa kushoto, alikula kwa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado umefumbata funguo za gari.